Antaktika ni ya nani?

Husemwa mara nyingi kwamba Antaktika haina mwenyewe. Huo ni ukweli nusu. Nchi saba zimelidai bara hilo na hazijafuta madai yao mpaka leo: Uingereza, Ufaransa, Norwei, Australia, New Zealand, Argentina na Chile. Madai mengi yamechorwa kama vipande vya keki vinavyokutana kwenye Ncha ya Kusini. Katika rasi inayoelekea Amerika ya Kusini, vipande vya Uingereza, Argentina na Chile vinapandana. Upande wa magharibi kuna eneo kubwa, Ardhi ya Marie Byrd, ambalo hakuna nchi iliyolidai.

Kinachozuia ugomvi ni Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12, Marekani na Umoja wa Kisovieti zikiwamo. Kiini chake ni Ibara ya 4. Ibara hii haimnyang'anyi mdai dai lake, wala haimtambui kuwa mwenye ardhi. Inayaacha madai yalivyo: maadamu mkataba unatumika, lolote nchi itakalofanya huko haliwezi kulipa nguvu dai lake wala kulipunguzia nguvu la mwenzake, na dai jipya haliruhusiwi. Jenga kituo, pandisha bendera, kaa miaka hamsini. Kisheria hujaongeza hata shubiri. Argentina ilipeleka familia kwenye kituo cha Esperanza, na mwaka 1978 akazaliwa hapo mtoto wa kwanza wa bara hilo. Dai lake likabaki palepale.

Naamini hii ni miongoni mwa kazi bora kabisa za diplomasia katika karne ya 20. Vita Baridi ikiwa imepamba moto, mahasimu walikubaliana wasijenge ngome za kijeshi huko, wasilipue bomu la nyuklia, na kila mmoja awe huru kukagua vituo vya mwenzake.

Ulinzi wa mazingira ulikuja baadaye. Itifaki ya Madrid ya 1991, nyongeza ya mkataba huo iliyoanza kutumika 1998, imepiga marufuku uchimbaji wa madini. Hata mbwa wa kuvuta sileji walitakiwa wawe wameondolewa kufikia Aprili 1994, kwa hofu kwamba wangewaambukiza sili magonjwa. Wengi hudai kwamba itifaki hiyo itakwisha 2048. Si kweli, kwani haina tarehe ya mwisho. Kitakachobadilika mwaka huo ni kwamba nchi yenye sauti katika maamuzi itaweza kuomba mkutano wa kuipitia upya, na hata hapo marufuku ya madini haiwezi kuondolewa mpaka kuwe na utaratibu wa kisheria wa kusimamia uchimbaji.

Jambo ambalo mkataba hauwezi kulizuia ni joto, kwa sababu halitoki huko. Antaktika imebeba takriban asilimia 90 ya barafu yote ya dunia; yote ikiyeyuka, usawa wa bahari utapanda kwa karibu mita 58. Hakuna anayetarajia hilo litokee upesi, lakini dalili zipo. Mapema mwaka 2002 jukwaa la barafu la Larsen B, yaani bamba nene linaloelea baharini likiwa limeshikamana na bara, lenye zaidi ya kilomita za mraba 3,000, lilisambaratika ndani ya wiki chache. Barafu hiyo ilikuwa tayari inaelea, hivyo yenyewe haikupandisha bahari. Tatizo ni kwamba ilikuwa imeizuia mito ya barafu iliyo nyuma yake, yaani barafu inayoteremka polepole kutoka nchi kavu, nayo ilipoachiwa ikaongeza kasi kuelekea majini. Maji hayo huinua bahari hata Lamu na Unguja.

Kwa hiyo ni muhimu kujua nani huamua. Mwanachama yeyote wa Umoja wa Mataifa anaweza kujiunga na mkataba, ila sauti katika maamuzi hupewa nchi zilizotia saini mwanzoni na zile zinazofanya utafiti wa maana huko. Ziko 29, na kutoka Afrika ni Afrika Kusini peke yake.