Román Torres na goli la mzimu: wanayosema na yaliyotokea

Bado wapo wanaosema, tena kwa kujiamini, kwamba beki Román Torres aliipeleka Panama Kombe la Dunia 2018 kwa goli ambalo mpira haukuvuka mstari. Si kweli. Wanachanganya Torres wawili, na wanamnyima beki huyu sifa ya goli safi kuliko yote ya usiku ule.

Tarehe 10 Oktoba 2017, jijini Panama, Costa Rica ilitangulia kwa bao la Johan Venegas. Dakika ya 53 ikatokea purukushani langoni. Mpira haukuvuka mstari, lakini goli likakubaliwa: hilo ndilo goli la mzimu. VAR, yaani mwamuzi wa video, haikuwepo katika mechi zile za kufuzu. Rekodi zinampa goli hilo Gabriel Torres, mshambuliaji. Román alifunga la dakika ya 88, na hilo halina ubishi wowote.

Sasa pigeni hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapokataa kufikiri. Panama iliingia uwanjani na pointi 10. Sare ya 1-1 ingeifikisha 11. Marekani ilibaki na 12, na Honduras ikafika 13 baada ya kuifunga Mexico 3-2. Kwa hiyo goli la mzimu peke yake lingeiacha Panama nafasi ya tano, nje ya tatu za kufuzu moja kwa moja, na nje hata ya mechi za mtoano za timu ya nne. Ndiyo, mwamuzi alikosea, na bila kosa lile ushindi wa 2-1 usingepatikana. Lakini kusema kosa ndilo lililoipeleka Panama Urusi ni kusoma nusu ya matokeo.

Goli lenyewe la Román lilianzia kwenye mpira mrefu. Mshambuliaji Luis Tejada akaugusa kwa kichwa, Román akamzidi nguvu beki, mpira ukadunda, akaupiga kwa guu la kulia. Makocha wa vijana waache kuliita bahati. Beki wa kati akipanda dakika za mwisho, kiungo mkabaji lazima ashuke kuziba nafasi yake, na mabeki wa pembeni wasivuke katikati ya uwanja. Mshambuliaji arukie mpira wa kwanza. Beki akae hatua tatu au nne nyuma yake, uso ukitazama goli, asubiri mpira wa pili. Kinachoharibu mpango huu karibu kila mara ni wawili kurukia mpira mmoja: hakuna anayebaki kuuokota, na shambulizi la kushtukiza linaanza.

Eti Panama ndiyo iliyoitoa Marekani? Marekani ilihitaji sare tu mbele ya Trinidad na Tobago, ikafungwa 2-1.

Goli la kwanza la Panama katika Kombe la Dunia pia si la Román, ingawa yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Lilifungwa na Felipe Baloy, beki mwenzake mwenye miaka 37, dakika ya 78 dhidi ya Uingereza, timu ikiwa tayari nyuma 6-0.

La mwisho ni goti. Román Torres alichanika ACL, kano ya ndani ya goti, Septemba 2015, wiki chache tu baada ya kujiunga na Seattle Sounders, klabu ya Marekani, na watu wakaanza kumzika. Alirudi Agosti 2016. Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo, fainali ya MLS, ligi kuu ya Marekani na Kanada, dhidi ya Toronto iliisha 0-0 baada ya dakika 120, naye akapiga mkwaju wa penalti wa sita, wa ushindi, 5-4. Mchezaji aliyepasuliwa goti asikimbizwe kurudi kabla ya miezi tisa, na hata ikitimia, kalenda pekee haitoshi: mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya ule mzima, katika kuruka na katika kusukuma uzito. Torres alisubiri karibu mwaka mzima. Mwaka 2019 alianza tena katika fainali ya MLS, na Seattle ikaifunga Toronto 3-1.