Dondoo: Maana Yake na Kazi Yake katika Kufundisha Fasihi ya Kiingereza

Katika somo la Kiingereza la shule za sekondari nchini Kenya, dondoo ni kipande cha maandishi kilichotolewa neno kwa neno kutoka katika kitabu teule, kwa kawaida chenye urefu wa ukurasa mmoja hivi, ambacho mwanafunzi hukisoma kisha akajibu maswali yanayohusu kipande chenyewe pamoja na kitabu kizima kilikotoka. Kitabu teule nacho ni riwaya, tamthilia au mkusanyiko wa hadithi fupi uliochaguliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ili usomwe shuleni kwa miaka kadhaa, na Baraza la Mitihani la Kenya hutahini vitabu hivyo katika KCSE, yaani mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya sekondari.

Walimu na wanafunzi wengi hulichukulia dondoo kuwa aina ya swali la mtihani tu. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli, kwa sababu dondoo ni zana ya kufundishia pia, na kwa maoni yangu ni zana bora kuliko nyingine zote ambazo mwalimu wa fasihi anaweza kuziandaa kwa gharama ndogo.

Tuanze na upande wa mtihani. Karatasi ya pili ya Kiingereza, inayofahamika kwa nambari 101/2, hufanywa kwa saa mbili na nusu na ina alama 80. Ufahamu huchukua alama 20, shairi au fasihi simulizi alama 20, sarufi alama 15, na dondoo la kitabu teule cha lazima alama 25, kwa hiyo ndilo swali lenye uzito mkubwa zaidi katika karatasi hiyo. Insha za vitabu teule huja katika karatasi ya tatu, kila moja kwa alama 20. Tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa. Insha humruhusu mwanafunzi kuchagua matukio anayoyakumbuka vizuri na kuyapanga apendavyo, ilhali dondoo humweka mbele ya ukurasa ambao hakuuchagua na kumtaka aonyeshe kwamba anaujua ulipo, unasema nini na umeandikwa vipi.

Maswali yenyewe huwa ya namna chache zinazojirudia mwaka baada ya mwaka. Lipo la muktadha, linalouliza ni jambo gani limetokea mara tu kabla ya dondoo au linalofuata mara tu baada yake. Yapo ya sifa za wahusika, ya maudhui na ya mbinu za kimtindo kama vile kinaya, tashbihi na maelekezo ya jukwaani. Lipo linalomtaka mwanafunzi ahusishe jambo lililo katika dondoo na tukio la kwingineko kitabuni. Kisha huja maswali mafupi ya muhtasari, ya maana za maneno na ya kuandika upya sentensi, kwa mfano kuigeuza kauli halisi iwe usemi wa taarifa.

Jambo linalowapotezea wanafunzi alama nyingi ni mpaka uliopo kati ya yaliyomo ndani ya dondoo na yaliyo nje yake. Swali likisema «kwa kurejelea dondoo hili», ushahidi unapaswa kutoka katika mistari iliyochapishwa kwenye karatasi ya mtihani, hata kama mwanafunzi anaujua mfano mzuri zaidi kutoka sura nyingine. Swali likisema «kwingineko katika tamthilia», mistari hiyo haina nafasi tena. Kanuni hii huonekana nyepesi inapoelezwa, lakini darasani inahitaji mazoezi mengi, na mfano mmoja utaonyesha kwa nini.

A Doll's House ni tamthilia ya Henrik Ibsen, mwandishi wa Norwei, iliyochapishwa mwaka 1879, nayo kwa miaka kadhaa ilikuwa kitabu teule cha lazima katika KCSE. Katika kitendo cha kwanza, Nora anarudi nyumbani siku ya mkesha wa Krismasi akiwa na vifurushi, anakula makaruni, yaani biskuti ndogo za lozi, kisha anauficha mfuko wake na kujifuta mdomo kabla ya kumwita mumewe, Torvald Helmer, atoke ofisini mwake. Wanazungumza kuhusu pesa. Torvald anampa Nora fedha za matumizi na kumwambia kwamba tabia yake ya kutapanya pesa ameirithi kwa baba yake. Tuseme dondoo linaanzia hapo, pale Torvald anapomnyoshea mkewe kidole na kumuuliza kama leo alipitia mahali pa kununulia vitu vitamu, na linakomea pale kengele ya mlango inapolia.

Ndani ya mistari hiyo Nora anakana kwamba amekula chochote, na anamwambia mumewe kwamba hawezi hata kufikiria kwenda kinyume na matakwa yake. Mwanafunzi akiulizwa sifa ya Nora inayojitokeza hapa, atakimbilia kuandika kwamba ni mdanganyifu. Jibu hilo ni sahihi, lakini uthibitisho wake haumo katika dondoo, kwa kuwa makaruni yaliliwa kurasa chache nyuma. Akitaka kulitetea jibu lake, lazima aseme kwamba msomaji alimwona Nora akila kabla ya mazungumzo haya, na hapo hapo atakuwa amegundua mbinu iliyotumiwa, yaani kinaya cha kitamthilia, ambapo hadhira inajua jambo asilolijua mhusika aliye jukwaani. Sifa ya Torvald ni rahisi zaidi kuithibitisha, kwa maana kidole anachomnyoshea mkewe na maswali anayomuuliza kama mtoto vimo humo humo, na vinatosha kuonyesha mume anayemtawala mke wake.

Mbele kidogo katika dondoo hilo hilo, Torvald anamkumbusha Nora kwamba Krismasi iliyopita alijifungia kila jioni kwa wiki tatu hadi baada ya usiku wa manane, eti akitengeneza mapambo ya mti. Anayeusoma ukurasa huo peke yake ataona mume na mke wanaokumbuka sikukuu kwa furaha. Anayekijua kitabu anakumbuka kwamba, baada ya Bi. Linde, rafiki yake wa zamani, kufika, Nora anamfichulia kuwa majira hayo ya baridi alipata kazi ya kunakili maandishi, akawa anajifungia kila jioni na kuandika hadi usiku mwingi ili apate pesa, kwa sababu alikuwa na deni la siri alilolichukua kwa mwanasheria Krogstad, nalo ndilo lililogharimia safari ya Italia iliyookoa maisha ya Torvald. Maneno mepesi ya mume yanageuka kuwa kielelezo cha jinsi asivyomjua mke wake. Hii ndiyo faida kubwa ya dondoo katika ufundishaji, kwamba linamfundisha mwanafunzi kusoma ukurasa mmoja huku kitabu chote kikiwa akilini, na sijaona mhadhara wa mwalimu wala muhtasari uliochapishwa unaoweza kufanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Kwa upande wa maandalizi, zana hii haihitaji mashine ya kunakilia. Pale ambapo kila dawati lina angalau kitabu kimoja, mwalimu anaweza kuandika ubaoni nambari ya ukurasa, maneno ya mwanzo na ya mwisho ya dondoo, kisha maswali. Penye uwezo wa kuchapa, karatasi iachwe na pambizo pana ili mwanafunzi aandike maelezo yake kando ya mistari, kwa sababu anayezoea kuweka alama juu ya maandishi huwa mwepesi wa kuyarudia anapotafuta ushahidi.

Dondoo hufanya kazi vizuri zaidi likisaidiwa na zana nyingine mbili. Ya kwanza ni vipande vya matukio. Darasa huandika kila tukio la sura au kitendo kwenye kipande chake cha karatasi, vipande huchanganywa, na kila kundi huvipanga upya kwa mfuatano sahihi. Zoezi hili huchukua dakika chache na huondoa kabisa ugumu wa swali la muktadha, ambalo aghalabu huwashinda wanafunzi wanaoijua hadithi kwa jumla lakini hawajui kipi kilitangulia kipi. Ya pili ni jedwali la safu tatu, yaani sifa ya mhusika, tendo au maneno yanayoithibitisha, na nambari ya ukurasa. Safu ya tatu ndiyo inayopuuzwa, na ndiyo yenye manufaa zaidi wakati wa marudio, kwa kuwa humrudisha mwanafunzi kitabuni.

Wanafunzi wengi hutegemea miongozo ya vitabu teule inayouzwa madukani. Sisemi itupwe. Mwongozo mzuri humsaidia aliyekwama, hasa katika historia ya mwandishi na mazingira ya kitabu. Ubaya wake ni kwamba unampa mwanafunzi hitimisho bila njia iliyofikisha kwenye hitimisho hilo. Anasoma kwamba Nora ni jasiri, anakariri, anaandika, kisha mtahini anampa ukurasa ambao Nora anatetemeka kwa hofu na kumuuliza ni sifa gani inayojitokeza hapo. Kwa hiyo naona inafaa mwongozo ufunguliwe baada ya kitabu kusomwa angalau mara moja na baada ya jedwali kujazwa, ili mwanafunzi alinganishe alichokiona na alichokiona mwandishi wa mwongozo, na apinge pale ambapo ana ushahidi.

Maonyesho ya vikundi vya uigizaji vinavyozunguka shuleni na vitabu teule yana thamani ya namna nyingine. Mwanafunzi anayeuona mkono wa Nora ukiuficha mfuko wa makaruni huyaelewa maelekezo ya jukwaani kuliko aliyeyapita haraka kwa macho. Ila waigizaji hupunguza mistari na kuongeza vichekesho, kwa hiyo siku ya pili yake darasa lirudi kitabuni na kutafuta kilichoachwa.

Hatua ambayo walimu wengi huiacha, pengine kwa kukosa muda, ni kuwapa wanafunzi kazi ya kutunga. Kila kundi huchagua dondoo lake, huandika maswali, hugawa alama hadi zifike 25, na huandaa mwongozo wa kusahihisha. Anayeandaa mwongozo huo hulazimika kuamua kama jibu fulani litapewa alama moja au mbili, na kama sifa iliyotajwa bila ushahidi istahili chochote. Baada ya makundi kubadilishana karatasi na kusahihishana, mabishano yanayozuka huhusu maandishi yenyewe, na mwalimu hupata nafasi ya kusikia jinsi kila mwanafunzi anavyosoma.

Kuhusu karatasi za mitihani iliyopita, tahadhari inahitajika, kwa kuwa vitabu teule hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa na dondoo la zamani huenda likatoka katika kitabu ambacho darasa la sasa halijakisoma. Dondoo kama hilo lisitumiwe kwa maswali ya muktadha wala ya kwingineko kitabuni, lakini maswali ya mtindo, ya toni, ya msamiati na ya sarufi yanaweza kujibiwa bila shida, na mwalimu akitanguliza maelezo ya mistari miwili kuhusu wahusika, hata maswali ya sifa yatajibika. Kwa maswali ya muktadha, mwalimu achukue umbo la swali la zamani na kulihamishia kwenye ukurasa wa kitabu cha sasa.