Ukishika karata nzito, panga bei wewe mwenyewe

Nilishika ree mbili, ya shupaza na ya uru, kwenye meza ya poka ya Texas Hold'em, ambapo kila mmoja hupata karata mbili za siri na tano hufunuliwa mezani kwa wote. Blaindi, yaani dau mbili za lazima kabla ya karata, zilikuwa 1 na 2. Wawili walikuwa wameshaingia kwa kulipa 2 tu. Nikachukua chipu moja ya 25, nikaiweka mbele bila kusema neno. Mgawaji akanirudishia 23. Kanuni iko hivyo: chipu moja kubwa isiyo na tamko huhesabiwa kuwa umefuata dau, hata kama nia yako ilikuwa kupandisha. Tukaziona karata tatu za kwanza tukiwa sita. Zilikuja 9, 7 na 4, na aliyekaa kwenye blaindi kubwa, ambaye kwa dau la maana angetupa karata zake papo hapo, alikuwa ameshika 9 na 7, jozi mbili tayari. Chipu zangu zote ziliondoka.

Tangu siku hiyo natamka kwanza, "Napandisha, 14," ndipo mkono uguse chipu. Lakini kilichonikaa zaidi ni hesabu. Ree mbili dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban mara 85 katika 100. Dhidi ya watatu, 64. Dhidi ya watano, 49. Karata ni zilezile. Tofauti ni watu uliowaachia mlango wazi.

Waliozoea poka ya intaneti hupandisha mara mbili na nusu ya blaindi kubwa, wakashangaa meza nzima inawafuata. Kwenye meza za dau dogo mimi naanzia mara tano, halafu naongeza moja kwa kila aliyeingia kwa bei ya chini. Wawili wameshaingia? Ni mara saba, yaani 14. Ukiona bado wanafuata wanne, ongeza. Meza yenyewe itakuonyesha bei yake ndani ya nusu saa.

Sasa tuje kwenye kiini. Wachezaji wengi wa meza hizi wametoka nyumbani kuja kucheza, hawakuja kutupa karata. Watakufuata kwa jozi ya kati, kwa ree yenye mwenzake dhaifu, kwa karata mbili za kopa wakisubiri kopa ya tano, maana karata tano za alama moja ni mkono mzito. Kuzuga kwa dau kubwa ni nadra kwao. Ukiziweka tabia hizo mbili pamoja unapata jibu: mtu huyu hupenda kulipa, hapendi kuanzisha. Ukigonga meza, yaani ukipita bila kuweka dau, na karata nzito mkononi, ukitegemea yeye ndiye aweke dau, unangoja kitu ambacho hafanyi.

Wapo wanaojitetea kwamba mvumilivu hula mbivu. Basi tuhesabu. Kitita, yaani chipu zote zilizo katikati ya meza, kina 50, mko wawili. Ukiweka nusu ya kitita mara tatu na kufuatwa mara zote, dau zako ni 25, kisha 50, kisha 100. Jumla 175. Ukigonga meza kwenye karata tatu za kwanza, ukaweka nusu kwenye ya nne na ya tano, unapata 25 na 50. Jumla 75. Dau uliloliacha lilikuwa 25, lakini kilichopotea ni 100, kwa sababu kila dau hukuza kitita ambacho dau linalofuata litapimwa kwacho. Hili ndilo ninalowarudia wanafunzi wangu kuliko jingine lolote. Dau la kwanza ndilo linaloonekana dogo, na ndilo linalobeba yote yajayo.

Na nafasi zenyewe ni chache. Ree mbili huja mara moja katika migao 221. Meza yenye mgawaji binadamu huenda karibu migao 30 kwa saa, kwa hiyo unaweza kukaa zaidi ya saa saba kabla hujaziona. Ukiwa na jozi mkononi, kupata ya tatu kwenye karata tatu za kwanza ni kama mara moja katika nane na nusu. Sioni kwa nini mtu aliyengoja hivyo aridhike na 75.

Chukua mgao huu. Nina 8 mbili. Napandisha hadi 12, watatu wananifuata, kitita kinakuwa karibu 50, na kila mmoja amebaki na 250 hivi. Mezani: mfalme wa kopa, 8 ya pau, 5 ya kopa. Naweka 40. Wawili wanatupa, wa kulia kwangu anatazama tena karata zake na kufuata. Kitita 130. Ya nne ni 2 ya shupaza. Naweka 90, anafuata. Kitita 310, nimebakiwa na 120. Ya tano ni jeki ya uru. Natia zote. Anakaa kama dakika nzima akizipanga chipu zake na kuzivunja, kisha anasema, "Lazima nione," na kuzisukuma mbele. Alikuwa na mfalme na 9. Kwake jozi ya mfalme ilikuwa karata nzito, na mtu mwenye karata nzito hahesabu sana bei.

Angalia pia zile kopa mbili za mezani. Mwenye kopa mbili mkononi anahitaji moja tu zifike tano, na ana karata 9 za kumwokoa kati ya 47 asizoziona, yaani asilimia 19 kwa karata inayofuata. Ningeweka 10 kwenye kitita cha 50, angelipa 10 kupata 60. Hapo anahitaji asilimia 14 tu, na mimi ndiye niliyempa faida. Kwa dau la 40 anahitaji karibu asilimia 31. Akifuata, na wengi hufuata, analipa ghali kuliko inavyostahili. Zipo siku kopa itaanguka. Inauma, lakini bei ilikuwa sahihi.

Kuna hali moja ambapo nagonga meza bila wasiwasi: nikiwa nimezishika karata zote ambazo mwingine angelipia. Nina wafalme wawili, mezani kuna mfalme, mfalme na 3. Hakuna aliyebaki na cha kunifuatia. Namwachia apate jozi yake kwanza.

Penye hasara ya kimyakimya ni karata ya tano. Mtu ana ree na malkia, ree iko mezani, ameweka dau mara mbili na kufuatwa, halafu mwishoni anagonga meza "asije akapandishiwa". Mpinzani anafunua ree na 10. Dau moja zima limebaki kwenye chipu za mwenzake. Ikiwa aliyekufuata mara mbili ana ree dhaifu mara nyingi kuliko karata za kukushinda, weka dau la tatu, hata nusu ya kitita.

Na akipandisha? Hapo msikilize. Mzee mtulivu aliyekuwa akifuata tu kwa saa tatu, ghafla kwenye karata ya nne anapandisha dau lako mara tatu, huku mezani kuna 9, 6, 2 na jeki: wafalme wako wawili sasa ni jozi moja tu. Mtu wa aina hiyo hazugi kwa namna hiyo. Nimewatupa wafalme hao mara nyingi, na kila nilipolipa ili kuona, nilikuta tatu za aina moja au jozi mbili zikiningoja.