Je, wajua kwa nini mota inayoendeshwa kwa inveta hupiga mluzi?

Mota ya pampu inayolishwa moja kwa moja na umeme wa gridi huvuma kwa sauti nzito, lakini mota hiyohiyo ikiendeshwa kwa inveta, yaani kifaa kinachobadili umeme ili kudhibiti kasi ya mota, huongeza mlio mwembamba unaokera masikio. Inveta haitoi wimbi laini la umeme: transista zake, yaani swichi za kielektroniki, huwasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, zikirefusha na kufupisha kila mpigo ili wastani wake ukaribie wimbi linalohitajika. Athari ya mipigo hiyo hubaki ndani ya mkondo, na kwa kuwa nguvu ya sumaku kati ya stata (sehemu ya mota isiyozunguka) na rota (sehemu inayozunguka) hutokana na mkondo huo, chuma cha stata huvutwa na kuachiwa kwa kasi kubwa, kikaitikisa hewa kama ngozi ya ngoma. Mtetemo ukilingana na masafa ya asili ya chuma chenyewe, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo chuma hicho huitikia kwa urahisi, kelele hukua sana.

Ushahidi mzuri ulisikika Japani, kwenye treni za kampuni ya reli ya Keikyu zilizofungwa inveta za Siemens kuanzia 1998. Masafa ya kuwasha na kuzima yalipangwa kupanda kwa hatua za sauti za muziki, hivyo treni ikiondoka kituoni ilisikika kama inaimba.

Inveta nyingi za viwandani huwasha na kuzima kati ya mara 2,000 na 16,000 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya mitetemo 2,000 na 5,000. Dawa ya kwanza, basi, ni kupandisha masafa hadi watu wazima wengi wasiweze kuyasikia. Gharama yake ni joto, kwa sababu kila badiliko hupoteza nishati kidogo ndani ya transista, na mara nyingi inveta hulazimika kupunguziwa mzigo.

Kwa maoni yangu, ni busara zaidi kuanza na njia ya pili, ambayo ni kuyumbisha masafa hayo bila mpangilio. Nishati ya sauti haipungui sana, ila husambaa, na mluzi mmoja mkali hugeuka mvumo unaovumilika. Inveta nyingi za kisasa zina mpangilio huo tayari, kwa hiyo fundi anaweza kuujaribu kabla ya kununua kichujio cha kulainisha wimbi, ambacho hufanya kazi vizuri zaidi lakini ni kizito na ghali.