Bluetooth inakula muziki uliolipia

Wiki hii wamenijia watatu na maneno yale yale. "Fundi, nimelipia kile kifurushi cha muziki wa ubora wa juu, mbona redio inapiga vilevile?" Huwa nawauliza kwanza simu imeungwaje na amplifaya. Jibu huwa ni Bluetooth. Nimelieleza jambo hili hapa Ngamiani hadi koo limekauka, basi leo naliandika.

Watu wanaamini ukilipia huduma isiyopunguza muziki, kinachotoka kwenye spika ndicho ulicholipia. Si kweli, kama katikati kuna Bluetooth. Muziki wa kiwango cha CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde kabla ya kufungwa kwenye FLAC, faili linalofinya muziki bila kutupa kitu. SBC, njia ya kubana muziki ambayo vifaa vyote vya kusikilizia muziki kwa Bluetooth vinayo, inaishia kwenye kilobiti 328 hivi. iPhone inatumia njia nyingine, AAC, kama 256. Maana yake simu inavuta faili zima kutoka intaneti, inalifungua, halafu inalibana upya na kutupa sehemu yake ili lipite hewani. Bando limeliwa, pesa ya mwezi imekwenda, na ulichokilipia kinatupwa hatua mbili kabla ya kufika kwenye spika! Njia ya LDAC inafika 990, lakini lazima simu na kipokezi vyote viwe nayo, na hata hiyo bado inabana.

Mwezi uliopita niliitwa Raskazone kwa mzee mmoja mpenzi wa taarabu, zile za enzi za kikundi cha Black Star hapa hapa Tanga. Ana amplifaya ya zamani nzuri sana na spika za mbao zinazonifika kiunoni. Nyuma ya amplifaya kachomeka kidude cha Bluetooth cha bei ya soda mbili tatu. Nikamwambia, "Mzee wangu, nipe dakika kumi." Matundu ya AUX yalikuwa yameota ukijani kwa chumvi ya bahari, nikayasugua mpaka shaba ikang'aa. Kisha nikachomeka DAC ndogo, kifaa kinachogeuza namba za faili kuwa sauti, kwenye tundu la chaji la simu, ile inayofanana na kipande cha waya, na kutoka hapo waya wa RCA hadi kwenye amplifaya. Tukapiga wimbo ule ule kwa sauti ile ile. Spika ya kushoto, aliyodhani imekufa, ikaimba. Mzee akakaa chini, akaniashiria niurudie.

Nilimwambia kweli: sehemu kubwa ya badiliko lile ilitoka kwenye matundu, na kifurushi hakikuhusika hata kidogo. Ndiyo maana mimi, kifurushi cha kawaida cha kilobiti 320 kinachopita kwenye waya safi nakichagua mbele ya kifurushi ghali kinachopita hewani. Wengi hawawezi hata kutofautisha 320 na muziki kamili wakifumba macho.

Wengine wanadhani ukishalipa, programu inajipanga yenyewe. Apple Music ina muziki usiopunguzwa tangu Juni 2021, bila nyongeza ya bei, lakini ni lazima uuwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Spotify ilianza kuutoa Septemba 2025, nchi kwa nchi, nayo inataka uuwashe kwenye kila kifaa. Fungua mipangilio leo, tazama upande wa Wi-Fi na upande wa bando, maana vinapangwa mbalimbali.

Ile namba 192, yaani kilohezi 192 za vifurushi vya ubora wa juu, nayo inawatia watu wazimu. Kilohezi 44.1 za CD, yaani sauti kupimwa mara 44,100 kwa sekunde, zinatosha kubeba sauti zote hadi kilohezi 20, na hapo ndipo sikio la kijana mzima linapoishia. Letu sisi watu wazima limeishia chini zaidi. Biti 24 (ukubwa wa kila kipimo) kwa kilohezi 192 ni kilobiti 9,216 kwa sekunde kabla ya kufungwa, zaidi ya mara sita ya CD. Kwa anayenunua GB kwa bando, kilobiti 320 ni MB 144 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe.

Na nyimbo za kale hazizaliwi upya kwa sababu zimeandikwa biti 24. Kama aliyezipandisha alizitoa kwenye kaseti iliyochoka, utapata kaseti iliyochoka ndani ya faili kubwa.

Ukitaka kulinganisha huduma mbili, zipige kwa sauti ya kiwango kimoja kwanza, kwa mkono wako. Inayopiga juu kidogo sikio huipa ushindi hata kama haistahili. Zima na ile sehemu ya programu inayosawazisha sauti yenyewe, pamoja na ikwalaiza. Na msilipie mwaka mzima kabla ya kusikiliza mwezi mmoja kwa waya. Mkishafika hapo, zitoeni spika ndani ya kabati la vioo, muziachie angalau nusu mita kutoka ukutani.