Meza ya defonsezi: kiegemeo si lazima kiwe sambamba na ukingo

Kwenye karakana za nyumbani Goma, wengi huamini meza ya defonsezi (mashine ya kuchimba mifereji kwenye mbao kwa kisu kinachozunguka) haifai kama kiegemeo chake, yaani upau unaoegemezwa ubao unaposukumwa, hakiko sambamba na ukingo wa meza. Kwa msumeno wa meza usambamba ni lazima: kiegemeo kikikaa upande kuhusiana na bapa la msumeno, ubao unaweza kubanwa na kurushwa nyuma. Lakini kisu cha defonsezi ni cha mviringo, hukata sawa pande zote. Kinachohesabika ni umbali wake hadi kiegemeo. Reli inayoteleza kwenye mfereji wa meza ndiyo pekee inayodai usambamba.

Jaribu kwa kipande cha ubao: chimba mfereji, kaza kiegemeo kwa mshazari, rudisha umbali uleule, chimba tena. Pima, ni sawa.

Pesa ziende kwenye unyoofu wa meza. Laza rula ya chuma kwa mshazari juu ya bamba la mashine, lile linalobeba mota chini ya meza: karatasi ikipenya chini yake katikati, bamba limelemewa na mota na kubonyea, na mifereji itatoka na kina tofauti.