Eric Lindros, Wazazi Wake na Jezi ya Quebec

Tarehe 22 Juni 1991, mjini Buffalo, klabu ya Quebec Nordiques, ya mji wa Quebec katika jimbo la Kanada linalosema Kifaransa, ilimteua Eric Lindros kuwa chipukizi wa kwanza wa mwaka huo katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada. Kijana huyo wa miaka 18 alipanda jukwaani, akaipokea jezi ya klabu hiyo, lakini hakuivaa, wala hakukubali kuichezea. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa lugha, yaani kijana wa jimbo la Ontario anayesema Kiingereza kukataa kuishi miongoni mwa watu wanaosema Kifaransa. Mimi nasomesha historia ya ajira na mikataba ya wanamichezo, na kila ninapokifikia kisa hiki darasani huanza na wazazi, kwa sababu bila wao hakieleweki.

Carl Lindros alikuwa mhasibu aliyewahi kucheza futiboli ya Kikanada chuoni, na mkewe Bonnie alisomea uuguzi. Hawakuwa watu wa kutishwa na mkataba wala na mkurugenzi wa klabu. Mwaka 1989, Eric akiwa na umri wa miaka 16, ligi ya vijana ya Ontario ilimgawa kwa klabu ya Sault Ste. Marie Greyhounds, katika mji ulio mbali sana na nyumbani kwao Toronto. Familia ilikataa, ikitaja masomo na umbali. Eric akaenda kucheza upande wa Marekani, katika eneo la Detroit, hadi Greyhounds walipokubali kuziuza haki zake kwa Oshawa Generals, klabu iliyo jirani na Toronto, ambayo aliisaidia kutwaa Kombe la Memorial, ubingwa wa hoki ya vijana wa Kanada, mwaka 1990.

Wasimuliaji wengi hulipita jambo hili haraka, ilhali ndilo lenye uzito. Sault Ste. Marie ni mji wa Kiingereza. Tena mnamo Januari 1990 baraza lake lilipitisha azimio la kukifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya kazi za manispaa, azimio lililowaudhi Wakanada wanaosema Kifaransa kote nchini. Ikiwa familia iliukataa mji huo kwanza, basi chanzo cha kukataa si Kifaransa. Chanzo ni mfumo wa uteuzi wenyewe, ambao wakati huo uliipa klabu dhaifu zaidi haki ya kwanza juu ya kijana bora zaidi, naye asiulizwe lolote. Asipotia saini, klabu ilizishika haki zake kwa miaka 2 kabla hajarudi kwenye uteuzi. Kijana peke yake hawezi kushindana na utaratibu wa namna hiyo. Anahitaji mtu mzima anayeweza kukaa mezani na kusema hapana, kisha akangoja. Carl na Bonnie walikuwa watu hao.

Hata hivyo, hapana yao ya mwaka 1991 haikusikika mjini Quebec kama hoja ya ajira, na siwezi kuwalaumu watu wa mji ule. Mwaka mmoja tu kabla, mnamo Juni 1990, Mapatano ya Meech Lake, ambayo yangeitambua Quebec kikatiba kuwa jamii ya pekee ndani ya Kanada, yalikuwa yameporomoka. Kura ya maoni ya kujitenga ilikuwa njiani, na ilipopigwa mwaka 1995 waliotaka kubaki Kanada walishinda kwa asilimia 50.58 tu. Katika hali hiyo, kijana wa Ontario kuiona jezi yenye nembo za maua ya yungiyungi, alama ile ile iliyo kwenye bendera ya jimbo, na asiivae, lilikuwa jambo la kuumiza. Lindros mwenyewe ameeleza baadaye kwamba tatizo lake lilikuwa mmiliki wa klabu, Marcel Aubut, wala si lugha wala utamaduni, na mke aliyemwoa ni mwenyeji wa Quebec. Namwamini. Lakini maelezo yaliyotolewa miaka mingi baadaye hayawezi kurudi nyuma yakatuliza hasira za wakati ule, hasa katika mji uliokuwa umewapokea kwa mapenzi makubwa ndugu wa Stastny kutoka Chekoslovakia na, muda mfupi tu kabla, Mats Sundin kutoka Uswidi, watu ambao Kifaransa hakikuwa lugha yao.

Lindros alisubiri mwaka mzima, akichezea Oshawa na timu ya taifa, ambayo ilipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Albertville ya 1992. Mwezi Juni mwaka huo Nordiques walimuuza kwa klabu mbili kwa pamoja, Philadelphia Flyers na New York Rangers, na ikabidi msuluhishi Larry Bertuzzi aamue kwamba Flyers ndio wenye haki. Quebec walipata dola milioni 15, haki za uteuzi na kundi la wachezaji akiwemo Peter Forsberg. Oktoba 1992, Lindros alipocheza Quebec kwa mara ya kwanza akiwa na Flyers, mashabiki walimrushia chuchu bandia za watoto wachanga. Hapo tusi halikuhusu lugha hata kidogo. Aliitwa mtoto anayeamuliwa na mama na baba.

Sifa hiyo ndiyo iliyomgharimu zaidi, na gharama yake haikulipwa Quebec. Mwaka 1995 alishinda tuzo ya Hart ya mchezaji bora wa ligi, lakini kuanzia 1998 mitikisiko ya ubongo ilianza kumwandama. Familia ilikwisha kuonja hatari hiyo: mdogo wake Brett alilazimika kustaafu mwaka 1996 akiwa na miaka 20 kwa sababu hiyo hiyo. Aprili 1999 pafu la Eric lilijaa damu na kusinyaa baada ya mechi mjini Nashville, na wazazi wakaishutumu Flyers kwa jinsi ilivyomhudumia. Meneja mkuu Bob Clarke aliuchukulia msimamo wao kama uingiliaji ule ule wa zamani. Machi 2000, baada ya Eric kusema hadharani kwamba wahudumu wa timu hawakuutambua mtikisiko wake, alivuliwa unahodha. Mwezi Mei alirudi uwanjani, na katika mechi ya saba ya mfululizo wa mtoano dhidi ya New Jersey, Scott Stevens alimgonga kwa bega akaanguka akiwa hajitambui.

Kwa maoni yangu, wazazi walikuwa na hoja nzito zaidi mwaka 2000 kuliko 1991, na wakasikilizwa kidogo zaidi, kwa kuwa watu walikwisha kuamua wao ni watu wa aina gani. Eric alikaa nje msimu wote wa 2000–01 kabla ya kuhamishiwa Rangers. Alistaafu 2007, akatoa dola milioni 5 kwa hospitali ya London, Ontario, mji alikozaliwa, kisha akawa mtetezi wa sheria ya Ontario ya 2018 kuhusu mitikisiko ya ubongo michezoni. Clarke alikuja kuwa miongoni mwa waliomtetea aingizwe katika Jumba la Mashujaa wa Hoki, na aliingizwa mwaka 2016. Nordiques hawakuwepo tena: walihamia Denver mwaka 1995, wakiwa na Forsberg, na kutwaa Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, katika msimu wao wa kwanza huko.